Nimebadili tairi la nyuma la Boxer mwenyewe: 127,000 badala ya 72,000. Nimekosea wapi?

MwalimuVumbi (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam. Mwangaluka kwa walioko Unyamwezini, na wengine habari za huko.

Mimi ni mwalimu. Nakaa Tabora mjini, shule yangu iko Uyui ndani kabisa, kilomita 34 kutoka mlangoni kwangu. Kumi na moja za mwanzo ni lami. Zilizobaki ni mchanga na visiki vya miti iliyokatwa kwa shoka mshazari, vile vinavyobaki na ncha kama mkuki. Chombo ni Boxer BM 150 ya rimu za spoku. Siku tano kwa wiki, kwenda na kurudi, hizo ni kilomita 340 kabla sijaenda sokoni wala msibani.

Tairi la nyuma lilibaki kipara. Kawaida yangu ni kwenda kwa fundi, natoa 5,000, nakunywa chai ya tangawizi pale jirani, nikirudi kazi imeisha. Safari hii nikakataa, na sababu ninayo. Mwezi wa tatu fundi mmoja (simtaji) alinibadilishia tyubu. Niliinunua mwenyewe dukani, mpya, nikamkabidhi mkononi, nikaenda benki. Wiki mbili baadaye pancha ikanikamata porini saa kumi jioni, na madaftari ya darasa la sita nyuma kwenye keria. Nikasukuma kilomita tisa. Kijana wa kijijini alipoitoa ile tyubu tukaikuta ina viraka vinne, kingine kimepandishwa juu ya mwenzake. Tyubu yangu mpya ilishapata mteja mwingine siku ileile.

Kwa hiyo Jumamosi iliyopita nikajifungia uani chini ya mwembe, simu pembeni na video ya Mhindi mmoja anayebadili tairi kwa dakika nane. Kuvua gurudumu nilimaliza ndani ya saa moja. Kutoa tairi la zamani nilianza na bisibisi mbili, moja ikapinda, nikaenda kununua liva, vile vyuma vya kung'olea tairi. Kuvaa jipya ndiko kulikonitoa jasho. Nikalipandisha, nikashangilia, nikajaza upepo, pssss. Tyubu imetobolewa vitundu viwili vinavyolingana kama meno ya nyoka. Nikanunua nyingine. Pssss tena. Ya tatu jirani alinionea huruma tukasaidiana hadi ikakubali, saa kumi na mbili na nusu jioni. Nilikuwa nimeanza saa tatu asubuhi.

Gharama:
Tairi 3.00-17: 58,000
Tyubu tatu kwa 9,000: 27,000
Liva mbili: 14,000
Pampu ya mguu: 22,000
Bodaboda kwenda dukani na kurudi mara tatu: 6,000
Jumla 127,000.

Kwa fundi ingekuwa 58,000, na 9,000, na 5,000. Yaani 72,000. Mke wangu amezipiga hizo hesabu kabla yangu.

Swali langu: hivi kuna faida yoyote mtu kujifunza hii kazi, au nirudi kwa mafundi na kukaa nawakodolea macho?

---

Deiwaka_Ngambo

Hahaha mwalimu umefeli mtihani uliojitungia.

Sisi wa kijiweni hatuwezi hayo mambo. Mimi nampelekea bosi 8,000 kila siku, iwe jua iwe mvua. Nikikaa chini ya mwembe kuanzia saa tatu hadi saa kumi na mbili, ile 5,000 niliyookoa kwa fundi imeniletea deni la 8,000 na watoto hawajala. Fundi wangu wa Kanyenye ananifungia kwa dakika ishirini, mimi nimesimama pale pale, tyubu naiona inatoka na naiona inaingia.

Kosa lako ni kwenda benki.

---

Isevya_Hesabu

Mwalimu, usikubali hizo hesabu za mama watoto, zina mtego. Liva na pampu hujavila, viko stoo. Toa 36,000. Umebaki na 91,000. Ukilinganisha na 72,000 hasara ni 19,000 tu, ambayo ni tyubu mbili na nauli, ukiondoa 5,000 ya fundi. Hiyo ndiyo ada ya shule.

Halafu wewe unapita njia ya visiki. Pancha ngapi kwa mwezi?

---

MwalimuVumbi

@Isevya_Hesabu mbili, wakati mwingine tatu kiangazi. Mjini ni 2,000 kila moja. Porini ni bei ya huruma ya mtu utakayemkuta, na mara nyingi humkuti.

@Deiwaka_Ngambo la benki nakubali.

---

Isevya_Hesabu

Basi kwa pancha mbili kwa mwezi pampu na liva vitarudisha fedha yako ndani ya miezi tisa. Mwambie mama asome tena.

---

FundiMzee_Nzega

Mwalimu, hodi humu. Nimeshika liva tangu mwaka 1991, sasa macho yamechoka na nimewaachia vijana. Kabla sijasema kitu naomba unijibu maswali matatu. Mdomo wa mwisho wa tairi ulianza kuupandishia wapi na ukamalizia wapi? Magoti yako yalikuwa wapi? Na tyubu, uliiweka ikiwa na upepo kidogo au kavu?

---

MwalimuVumbi

Shikamoo mzee.

Nilianzia kwenye valvu, nikaona ndiyo mwanzo wa tyubu, nikamalizia upande wa pili. Magoti hayakuwa popote, nilikuwa nimeinama tu. Tyubu ilikuwa bapa kama chapati.

---

FundiMzee_Nzega

Marahaba. Umeshajibu swali lako, ila ngoja nikufungulie.

Rimu ukiikata kama muwa utaona katikati ina bonde, na pembeni mbili kuna kingo ambako tairi hukaa. Mdomo wa tairi una waya wa chuma ndani. Huo hautanuki hata ukivutwa na ng'ombe wawili. Nafasi unayoihitaji hapa lazima itoke upande wa kule. Kwa hiyo upande uliokwishaingia unatakiwa ushuke bondeni, na anayeushusha ni goti lako. Piga goti juu ya tairi upande mmoja, nenda na liva upande wa pili, vipande vidogo vidogo, upana wa vidole vitatu basi. Ukiona unatumia nguvu, acha. Tairi halijakushinda, ila kule nyuma limepanda kutoka bondeni bila wewe kujua. Ukiendelea kulazimisha liva inazama, na kilicho chini ya liva ni tyubu. Vile vitundu viwili ulivyoviona ni meno ya liva, na mwiba hautoboi hivyo.

Sasa kwa nini usianzie kwenye valvu. Pale kwenye valvu tyubu ina kile kitako kinene cha mpira na chuma, kimekaa bondeni. Mdomo wa tairi hauwezi kushuka mahali palipojaa. Ukianzia hapo ukamalizia upande wa pili, unadai nafasi kutoka mahali ambapo hapana nafasi. Sheria yetu ni fupi: kutoa unaanzia kwenye valvu, kuvaa unamalizia kwenye valvu. Na kabla ya liva ya mwisho isukume valvu juu kwa kidole iingie ndani ya tairi, ili tyubu iondoke chini ya mdomo. Wengi wanatobolea hapo hapo, sentimita tano za mwisho.

Tyubu itie upepo kidogo tu, ipate umbo la mviringo, isiwe na mikunjo. Ikiwa bapa inajikunja, inakaa juu ya kingo, inangoja liva.

Mengine kwa haraka kwa sababu mjukuu anataka simu. Maji ya sabuni kwenye midomo yote miwili, si oili, oili inakula mpira. Tairi jipya lianike juani nusu saa kabla ya kazi, linalainika. Wewe una spoku, hakikisha ule mkanda wa mpira unaofunika vichwa vya spoku upo na haujachanika, maana spoku moja iliyochomoza itakutoboa kutoka ndani na utalaumu barabara. Pangusa ndani ya tairi na kitambaa cha pamba, mwiba uliobaki utashika uzi wa kitambaa kabla haujashika tyubu. Angalia mshale ubavuni, ndio upande wa kuzungukia.

---

Deiwaka_Ngambo

Mzee huyu angekuwa na chuo ningejiandikisha.

---

MwalimuVumbi

Mzee wangu, nimesoma mara tatu, kisha nikaenda uani kupiga goti juu ya tairi bila sababu, nijue tu linavyoshuka. Kumbe linashuka kweli!

Swali: upepo kiasi gani? Kijana wa pampu mjini huwa anajaza anavyojisikia, anagonga kwa rungu, anasema "tayari mwalimu".

---

FundiMzee_Nzega

Boxer hiyo mbele psi 25. Nyuma 28 ukiwa peke yako, 32 ukiwa na abiria. Nunua kipimo chako, ni kama kalamu, kinaingia mfukoni.

Najua utaniambia kwenye mchanga watu wanapunguza upepo ili chombo kisizame. Wanapunguza, ndiyo. Lakini upepo ukipungua sana kwenye tairi la tyubu, tairi linateleza juu ya rimu kila ukiondoka na kila ukifunga breki, linaburuta tyubu, na valvu inalala upande. Siku moja inakatika kwenye shina. Hiyo haina kiraka, ni tyubu mpya. Ndiyo maana ile nati ndogo ya valvu hatuikazi hadi kwenye rimu. Tunaiacha juu, imekaza kifuniko. Ukiona valvu imeinama unajua mapema.

Na tyubu ukiijaza mara ya kwanza, toa upepo wote, jaza tena. Mikunjo inajinyoosha. Kisha zungusha gurudumu utazame ule mstari mwembamba ulio ubavuni karibu na rimu. Uonekane sawa mzunguko wote. Ukizama mahali, tairi halijakaa, na barabarani utahisi kama umepanda punda.

---

BwanaShamba_Kaliua

Nyie wa rimu 17 mnalia nini? Mimi nina Honda XL ya mradi, mbele 21, nyuma 18. Kaliua nzima maduka manne ya vipuri, nikiuliza 21 wananitazama kama nimeuliza tairi la ndege. Urambo hakuna. Tabora mjini nilipata la mbele, la nyuma likaletwa na basi kutoka Mwanza, nauli ya mzigo juu yangu, na nilingoja wiki mbili nikiwa natembelea vikundi vya wakulima wa tumbaku kwa baiskeli. Ofisi inasema fungu la matengenezo lipo kwenye mpango. Kwenye mpango liko kila mwaka.

Ushauri kwa anayetaka kununua chombo huku: kabla ya kuuliza bei ya pikipiki uliza bei ya tairi lake, na ulizie duka lililo karibu na kwako. Boxer na TVS HLX nyingi zina 2.75-17 mbele na 3.00-17 nyuma, utalikuta mpaka kwenye duka la chumvi. Zile za Kichina nyingi ni 18, zinapatikana lakini si kila mahali.

Na mwalimu, porini usibebe tairi, beba tyubu ya akiba chini ya kiti. Kuziba kiraka juani na upepo wa vumbi ni kazi ya bure, solusheni haikamati vizuri. Badili tyubu, kiraka utabandika nyumbani kwa utulivu.

---

MamaMwanga_Kgm

Naingia kutoka Kigoma, Mwanga. Mimi siendeshi wala sijui liva, ila nina pikipiki mbili barabarani na matairi nayanunua mimi, kwa hiyo nina la kusema.

Zamani nilikuwa natoa kwa mkataba, kijana analeta 10,000 siku sita za wiki mpaka chombo kiwe chake, na matengenezo yote ni ya kwake. Ndiyo desturi ya hapa na nadhani huko kwenu pia. Kwa hesabu ya kila siku bosi ananunua tairi, kwa mkataba ananunua kijana. Nikaona nimekaa vizuri. Kumbe kijana mwenye mkataba hanunui tairi hata siku moja. Anaona wiki hii alete hesabu, wiki ijayo tairi, na wiki ijayo mtoto anaumwa. Huyu wa kwangu alifika mahali nyuzi nyeupe zinaonekana. Mvua za Novemba zikaanza, na mnaojua miteremko ya udongo mwekundu ya huku Mwanga mnajua. Akateleza na abiria mama mwenye dagaa. Hakufa mtu, lakini mguu ulivunjika, dagaa zikamwagika mtaroni, na aliyefuatwa nyumbani usiku ni mimi mwenye kadi ya pikipiki. Mkataba haukuniokoa kwa watu waliokuja kugonga mlango.

Sasa nimebadili. Tairi nanunua mimi, kijana ananikatia 500 kila siku juu ya hesabu. Kwa siku 26 za mwezi ni 13,000, miezi minne ni 52,000, na kwa mwendo wao wa kilomita zaidi ya 100 kwa siku tairi la nyuma linakaa miezi minne hivi. Halijawahi kufika nyuzi tena. Naongezea kidogo tu kulinunua.

Kuna walioniambia nawadekeza.

---

Deiwaka_Ngambo

Mama shikamoo. Bosi wangu nimuonyesheje hili bandiko bila kujulikana ni mimi?

---

MamaMwanga_Kgm

Marahaba mwanangu. Mwambie umelisikia kwa abiria.

---

Kipara_Hakifi

Mnapoteza fedha bure. Tairi likiisha kashata, yale meno ya mpira ya juu, linachongwa. Kuna jamaa stendi anachonga kwa kisu cha moto, mistari inarudi, 4,000 tu, unakwenda miezi miwili mingine. Nimechonga mara mbili tairi moja. Niko hai, naandika.

---

FundiMzee_Nzega

Kijana wangu, kashata zikiisha, mpira uliobaki juu ya nyuzi ni mwembamba kuliko kidole cha mtoto. Anayechonga hakuongezei mpira, anakupunguzia uliobaki. Mistari unayoiona ni mitaro iliyochimbwa kuelekea kwenye nyuzi. Maji yakiingia humo, nyuzi zinaoza, na tairi linapasuka likiwa na joto, yaani ukiwa kwenye mwendo na mzigo. Pancha inakupa nafasi ya kusimama. Kupasuka hakukupi.

Ndani ya mifereji ya tairi kuna vijivimbe vidogo, tazama ubavuni imeandikwa TWI, vimekaa mkabala na hapo. Mpira ukifika usawa wa hivyo, tairi limeaga. Halihitaji kisu.

---

Kipara_Hakifi

Nimekusikia mzee. Lakini 58,000 sina.

---

FundiMzee_Nzega

Hilo nalijua, ndiyo maana yule wa stendi ana kazi. Ukiwa huna, hamisha. La mbele halichakai haraka kama la nyuma. Wengine wananunua jipya la mbele, lile 2.75 lililo bei ndogo, la mbele la zamani wanalipeleka nyuma kwa wiki kadhaa huku wakijikusanya. Si jambo la kusifia, ni jembamba kwa mzigo. Usipakie abiria mishikaki.

---

Isevya_Hesabu

Mwalimu, tazama ubavu wa hilo tairi jipya. Kuna maandishi yanaanza na DOT au namba nne ndani ya kiduara kirefu. Tuandikie hizo namba nne. Na pia namba mbili zenye herufi, kama 50P.

---

MwalimuVumbi

Nimemulika kwa tochi. Namba nne: 3818. Nyingine ni 50P kama ulivyosema. Ni mbaya?

---

Isevya_Hesabu

50 ni uzito: tairi hilo peke yake linabeba kilo 190 likiwa na upepo kamili. P ni mwendo wa juu, kilomita 150 kwa saa, ambao Boxer yako haiwezi hata ikitupwa kutoka mlimani. Hapo hakuna tatizo.

3818 ndiyo shida. Mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lako limezaliwa wiki ya 38 ya mwaka 2018. Lilining'inizwa wapi dukani?

---

MwalimuVumbi

Nje. Barazani, kwenye msumari, upande wa magharibi. Yamepangwa kama maua.

---

BwanaShamba_Kaliua

Jua la Tabora la miezi ya tisa na kumi juu ya mpira miaka yote hiyo! Likunje kidogo ubavuni uangalie kama kuna nyufa nyembamba kama za kisigino.

---

MwalimuVumbi

Zipo. Si nyingi. Zipo.

Nilirudi dukani jana. Nikamwonyesha muuzaji namba, nikamweleza kwa upole, mwalimu kwa mfanyabiashara. Akanitazama muda mrefu akasema: "Mwalimu, tairi si maziwa, halichachi." Wateja wote wakacheka, na mimi nikacheka, kusema kweli. Hakunirudishia. Akanipunguzia 10,000 kwenye tairi la mbele nikija kulinunua, na akakubali nichague mwenyewe stoo ndani.

---

Kipara_Hakifi

Kwa hiyo tairi lako jipya na langu la kuchongwa yako hospitali moja.

---

MwalimuVumbi

Usinicheke, lako limelazwa wodi ya wagonjwa mahututi.

---

TyublesiTu

Wote mnahangaika. Weka tairi lisilo na tyubu, ukipata msumari unachomeka ule uzi wa gundi bila hata kuvua gurudumu. Dakika tano. Dunia imeenda mbele.

---

FundiMzee_Nzega

Kwa rimu za spoti zilizotengenezwa kwa ajili hiyo, ni sawa kabisa na ni raha. Kwa spoku, upepo utatokea kwenye kila tundu la spoku. Ana spoku. Amesema mstari wa pili.

---

MwalimuVumbi

Wakuu nimerudi, ni wiki ya tano tangu nifungue uzi. Naleta mrejesho maana najua mnachukia watu wanaopotea.

Mosi, tairi la mbele nimebadili Jumamosi hii. 2.75-17, nililichagua ndani stoo, la mwaka jana. Dakika 55, tyubu moja, haikutoboka. Goti mzee, goti! Nilipofika sentimita tano za mwisho liva ikagoma, zamani ningelazimisha. Nikaacha, nikatazama upande wa pili, kweli lilikuwa limepanda kutoka bondeni. Nikalikandamiza, likaingia kwa vidole gumba bila liva kabisa. Mke wangu alikuwa anapepeta mchele barazani, akasema tu "leo husikiki".

Pili, nusura nifanye kosa jingine ambalo halikuandikwa humu. Wakati ule wa tairi la nyuma, nilipofunga nilisahau nati ya ule mkono wa chuma unaoshika sahani ya breki. Nimegundua wiki iliyofuata, nati imebaki kwenye kopo la maziwa kule uani na boliti imeshaanza kuchomoka.

---

FundiMzee_Nzega

Mwalimu! Umenitoa jasho nikiwa kitandani. Ule mkono ukiachia, sahani yote inazunguka na gurudumu, fimbo ya breki inapinda inakwenda kwenye spoku, gurudumu linagandia ghafla. Nimeona kwa macho Nzega barabara ya Igunga. Ukimaliza kufunga, kabla hujawasha, gusa kila nati kwa mkono na uitaje: ekseli, mkono, fimbo ya breki, vikaza cheni kulia na kushoto viwe kwenye alama sawa. Cheni icheze kama sentimita mbili na nusu. Kisha sukuma ukiwa unatembea, kanyaga breki, ndipo upande. Kosa ni langu, nilikuambia ya tairi nikasahau ya gurudumu. Mjukuu na simu.

---

MwalimuVumbi

Hakuna kosa mzee. Nimeibandika orodha hiyo ndani ya kifuniko cha ubavuni kwa kalamu ya rangi.

Tatu, pancha. Juzi Alhamisi mwiba, kilomita ya 22. Nilikuwa na tyubu chini ya kiti, liva na pampu kwenye begi la mitihani. Nikafika shuleni kipindi cha pili kikiwa hakijaisha, mikono myeusi, wanafunzi wakadhani nimetoka kuchimba mkaa.

Na la nyuma lile la 2018 namsikiliza kila asubuhi kama mgonjwa. Mwezi wa kumi na mbili likifika halitaona mvua kubwa, nimeshaanza kutenga 500 kwa siku kwa mtindo wa Mama wa Kigoma.

---

MamaMwanga_Kgm

Mwenye duka akikucheka tena mwambie aje Kigoma nimuonyeshe maziwa.

---

Deiwaka_Ngambo

Bosi amekubali nusu. Tairi ananunua yeye, ila la bei ya chini. Nikamwambia basi nalichagua mimi mwaka wake, akauliza mwaka gani tena. Kumbe hajui. Nimemfundisha mimi.

Mwalimu, zile tyubu mbili ulizozitoboa umezipeleka wapi? Kuna mtu hapa kijiweni ananunua.

---

MwalimuVumbi

Umechelewa. Moja nimeikata vipande, ndiyo inayofunga madaftari kwenye keria. Nyingine mama watoto ameshika, anasema ni ya kufungia gunia la mpunga, na hataki kuulizwa ilikuwa shilingi ngapi.